Sabuni, Mabomu na Chaki: Torrey Canyon na Pwani Yetu

Tarehe 19 Februari 1967, wiki mbili kamili baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, meli ya mafuta iitwayo Torrey Canyon iling'oa nanga katika bandari ya Mina al-Ahmadi, Kuwait, ikiwa na shehena ya tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Ilikuwa kubwa mno kupita katika Mfereji wa Suez ikiwa imejaa, hivyo ikashuka Bahari ya Hindi, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kisha ikapanda Atlantiki kuelekea Milford Haven, Wales. Meli yenyewe ilikuwa picha kamili ya uchumi wa zama zile. Iliundwa Marekani, ikarefushwa Japani hadi uwezo wake wa kubeba ukakaribia kuwa maradufu, ikamilikiwa na kampuni ya makaratasi yenye anwani Bermuda, ikapeperusha bendera ya Liberia, ikaongozwa na nahodha wa Kiitaliano na ikakodishwa kwa kampuni ya Kiingereza ya BP. Kila mwaka ninapoifundisha habari hii, huwauliza wanafunzi wangu swali moja kabla ya mengine: mwenye meli ni nani? Sijapata darasa lililokubaliana.

Jumamosi ya tarehe 18 Machi, nahodha alikuwa na haraka. Asipowahi maji makuu ya Milford Haven usiku wa siku ile, angelazimika kungoja siku kadhaa nje ya bandari, na meli inayongoja ni fedha inayopotea. Akakata njia kati ya visiwa vya Scilly na miamba ya Seven Stones, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kabla ya saa tatu asubuhi meli ilikuwa imekaa juu ya mwamba uitwao Pollard's Rock, matangi yamepasuka, na mafuta yameanza kuvuja.

Naandika juu ya kisa hiki cha mbali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitaaluma. Torrey Canyon ilikuwa ajali ya kwanza ya aina yake kwa ukubwa, na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya, karibu kila njia ambayo binadamu anaweza kuifikiria ilijaribiwa ndani ya majuma machache, katika bahari moja, juu ya mafuta yaleyale, na mataifa mawili yaliyofanya uamuzi tofauti. Mwanahistoria hapewi mara nyingi bahati ya kulinganisha namna hii. Sababu ya pili inahusu Chongoleani, Tanga, nami nitaifikia.

Waingereza walianza na sabuni. Ndani ya saa chache meli za jeshi la majini zilikuwa zikinyunyiza kemikali juu ya mafuta, na kwa majuma yaliyofuata zikatumika tani zipatazo 10,000 baharini na hasa ufukweni. Magazeti yaliziita "sabuni", na neno hilo lilipotosha. Sabuni ni kitu cha nyumbani; mama huoshea vyombo. Kemikali zile zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya kusafisha matangi na vyumba vya injini, na sehemu kubwa ya ujazo wake ilikuwa kiyeyushi kitokanacho na petroli, chenye sumu kali kuliko hata mafuta ghafi yaliyokusudiwa kuondolewa. Kazi ya kemikali za kutawanya mafuta ni kuyavunja yawe matone madogo sana yanayoingia ndani ya maji, ili mawimbi yayasambaze na bakteria wayale. Haziondoi mafuta, huyahamisha kutoka juu ya maji na kuyatia ndani yake. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mabishano yote yaliyofuata hadi leo, na ni ajabu jinsi inavyosahauliwa kila ajali mpya inapotokea.

Katika fukwe za Cornwall hapakuwa na nafasi ya kusambaza chochote. Wanajeshi, zimamoto na watu wa kujitolea walimimina kemikali hiyo moja kwa moja juu ya miamba na mchanga, mahali pengine mapipa mazima kutoka juu ya majabali, bila kuchanganya wala kupima. Pasaka ilikuwa inakaribia, na Cornwall huishi kwa watalii. Waziri Mkuu Harold Wilson mwenyewe alikuwa na nyumba ya mapumziko katika visiwa vya Scilly. Ufukwe mweupe ulikuwa ushahidi kwamba serikali ipo kazini.

Wanasayansi wa maabara ya baharini ya Plymouth waliacha kazi zao nyingine zote, wakashuka ufukweni kuhesabu, na mwaka 1968 wakachapisha matokeo yao. Waliyoyaona yalikuwa haya: palipokuwa na mafuta peke yake, viumbe wengi wa miambani waliishi, japokuwa wamepakwa weusi. Palipomiminwa kemikali, walikufa karibu wote. Waliokufa kwanza ni konokono wa miambani wenye gamba la mfano wa kofia, ambao kazi yao ni kulisha mwani siku nzima. Wachungaji hao walipotoweka, mwani wa kijani ukaota kama shamba lililotelekezwa, kisha ukafuatwa na magugu makubwa ya baharini. Baadaye konokono wachanga wakaja kwa wingi kupita kiasi, wakala kila kitu, wakafa njaa. Mzunguko huo wa kupanda na kushuka uliendelea kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya miamba kurudia hali yake.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo kemikali haikumiminwa. Katika rasi ya Godrevy, kaskazini mwa Cornwall, wanaishi sili, na kwa ajili ya wanyama hao mafuta yaliachwa. Mawimbi, jua na bakteria vikafanya kazi yao. Ndani ya miaka 2 hadi 3 miamba ya pale ilikuwa imepona. Ninawaomba wasomaji wasilipite jambo hili haraka. Mahali palipoachwa kwa huruma ya sili palipona mara kadhaa upesi zaidi kuliko mahali palipotibiwa kwa gharama, kwa jasho na kwa nia njema.

Tarehe 26 Machi, siku ya Pasaka yenyewe, mgongo wa meli ukavunjika, na juhudi za kuivuta zikakoma. Kapteni wa Kiholanzi aliyeongoza uokoaji alikuwa ameshapoteza maisha kwa mlipuko katika chumba cha mashine. Ndipo serikali ikaamua kuichoma. Kwa siku 3, kuanzia tarehe 28, ndege za jeshi la majini na za jeshi la anga zilidondosha mabomu, zikafuatishia mafuta ya ndege, roketi na napamu. Mabomu mengi yalikosa shabaha iliyokuwa kubwa kama jengo la ghorofa na isiyokwenda popote, jambo lililowafurahisha sana wachora vikatuni. Moto ulipowaka, maji yalipojaa yaliuzima. Mwishowe meli ilizama, na sehemu ya mafuta yaliyosalia ndani yake iliungua. Lakini mafuta yaliyokwisha kutoka na kuelea baharini hayakuwaka.

Kwa nini hayakuwaka? Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivyo mwaka jana, akisema mafuta ni mafuta. Jibu ni kwamba baharini mafuta huzeeka upesi. Sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zinazoshika moto, huyeyukia hewani katika siku ya kwanza na ya pili. Yanayobaki hupigwa na mawimbi mpaka yakachanganyika na maji, yakawa uji mzito wa rangi ya hudhurungi wenye maji mengi kuliko mafuta, na uji huo hauwaki. Isitoshe, utando ukiwa mwembamba kuliko milimita 2 au 3, maji yaliyo chini yake hunyonya joto na moto hufa. Hivyo mwenye kutaka kuchoma lazima akusanye mafuta kwa vizuizi visivyoungua, ayafanye mazito, na awashe mapema, bahari ikiwa shwari. Alaska, mwaka 1989, jaribio la namna hiyo lilifanikiwa jioni ya siku ya pili baada ya Exxon Valdez kupanda mwamba. Kabla halijarudiwa kwa upana, dhoruba ikaja, na nafasi ikapita. Katika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, katika ajali ya Deepwater Horizon, ambako mafuta mapya yalitoka kila siku kwa majuma 12, zilifanyika jumla ya choma 411. Hesabu ya serikali ya Marekani ilikadiria kwamba kazi hiyo yote iliondoa asilimia 5 ya mafuta yaliyotoka kisimani.

Tuvuke sasa mlango wa bahari. Upepo ulipogeuka, mafuta yakaelekea Brittany, Ufaransa. Wafaransa walikuwa wamepata majuma mawili ya kuwatazama Waingereza, na wavuvi wao wa chaza hawakutaka kusikia neno "sabuni". Ufukweni wakatumia majani makavu, ndoo, koleo na mikono. Baharini, katika Ghuba ya Biscay, jeshi la majini likamwaga tani zipatazo 3,000 za chaki iliyosagwa na kutiwa asidi ya mafuta ili ishikamane na mafuta badala ya maji. Mafuta yakalemewa, yakazama. Juu ya maji, kazi ilionekana safi ajabu. Na chini? Hilo liliachiwa samaki. Njia ya kuzamisha ilipigiwa makofi kwa muda, kisha ikaachwa na mataifa mengi. Marekani imeipiga marufuku kabisa, kwa kuwa sakafu ya bahari ni malisho na ni mahali pa nyavu, na kilichozama hakionekani tena kiasi cha kufuatiliwa.

Kisiwa cha Guernsey, kilicho katikati, kilifanya jambo la kiungwana zaidi na pengine la kuchekesha zaidi: kiliyafyonza mafuta kwa magari ya maji taka, kikayamwaga katika machimbo ya mawe yaliyoachwa. Yakabaki humo. Zaidi ya miaka 40 baadaye ndege walikuwa bado wanatua humo na kunasa, na serikali ya kisiwa ilikuwa bado inatafuta namna ya kuyamaliza.

Kwa hiyo mwaka mmoja ulitupa mafuta yaliyotawanywa, yaliyochomwa, yaliyozamishwa, yaliyozolewa, yaliyofukiwa shimoni na yaliyoachwa. Ningependa kusema kwamba dunia ilijifunza hapo hapo. Kwa sehemu ilijifunza. Kemikali za leo si zile za 1967. Sumu yake yenyewe ni ndogo mno kulinganisha na zile za kwanza. Ufaransa iliweka kanuni kwamba zisitumike penye kina kidogo, na Amoco Cadiz ilipovunjika Portsall mwezi Machi 1978 na kumwaga tani zaidi ya 220,000 katika Brittany ileile, kina cha mita 50 ndicho kilichokuwa mpaka. Sea Empress ilipopata ajali mlangoni mwa Milford Haven mwaka 1996, ndege zilinyunyiza kemikali mbali na pwani, juu ya mafuta mepesi na mapya, katika maji yanayochafuka vya kutosha, na sehemu kubwa ya mafuta hayakufika ufukweni. Mtu anayezikataa kemikali hizi kwa jina tu, bila kuuliza ni mafuta gani, kina gani na saa ya ngapi, hana tofauti kubwa na yule aliyezimimina Cornwall bila kuuliza.

Lakini kosa la Cornwall lilizaliwa upya kwa sura nyingine, tena mara nyingi. Katika mabwawa ya chumvi ya Île Grande, baada ya Amoco Cadiz, matingatinga yalichota mafuta pamoja na udongo wa juu na mizizi yake. Bwawa likachukua muda mrefu kupona kuliko mabwawa jirani yaliyopata mafuta lakini hayakuguswa. Alaska, baada ya Exxon Valdez, maelfu ya wafanyakazi waliosha fukwe za mawe kwa maji ya moto yenye msukumo mkubwa. Televisheni ilipenda picha zile. Wanasayansi wachache walishikilia kwamba baadhi ya vipande vya ufukwe visiguswe, vibaki kuwa vya kulinganishia, na walipingwa sana, kwa maana ni nani angemweleza mwananchi mwenye hasira kwamba hapa hatusafishi kwa makusudi? Miaka michache baadaye ilibainika kwamba maji ya moto yaliwaua viumbe waliokuwa wamenusurika mafuta, na kwamba vipande visivyooshwa vilitangulia kurudisha uhai. Bado palikuwa na mafuta chini ya changarawe katika baadhi ya fukwe miongo kadhaa baadaye, yaliyooshwa na yasiyooshwa.

Vipi kuhusu njia ambayo kila mtu mwenye akili timamu angeichagua, yaani kuyazuia mafuta kwa vizuizi vinavyoelea na kuyaengua kwa mashine? Ndiyo njia pekee inayoyatoa mafuta baharini kweli. Tabu yake ni hesabu. Mafuta huenea upesi kuliko meli zinavyokusanyika. Kizuizi huruka mafuta juu au kuyapitisha chini mara bahari inapokuwa na mawimbi au mkondo mkali. Na mashine huengua maji mengi pamoja na mafuta, hivyo matangi hujaa. Katika ajali ile ya 2010, mbele ya nchi tajiri kuliko zote duniani na maelfu ya vyombo, makadirio ya serikali yalisema kuengua kuliondoa asilimia 3. Kila mwanasiasa husimama mbele ya kizuizi cha rangi ya machungwa kupiga picha. Asilimia 3 haipigwi picha.

Kwa upande wa pili, bahari yenyewe huweza kuwa msafishaji kupita wote. Mwezi Januari 1993, Braer ilimwaga tani zipatazo 85,000 Shetland, zaidi ya mara mbili ya Exxon Valdez. Mafuta yalikuwa mepesi, na dhoruba iliyoivunja meli ilidumu kwa majuma. Ndege za kunyunyiza zilitumika kidogo tu, vizuizi havikufaa kitu. Mafuta yakapigwa, yakachanganyika, yakatawanyika. Fukwe hazikupata msiba uliotarajiwa, ingawa uvuvi na ufugaji wa samaki uliathirika kwa miaka. Hakuna kitabu cha mwongozo kinachoweza kuagiza dhoruba.

Nikiangalia mlolongo huu, siuoni kuwa ni hadithi ya teknolojia inayosonga mbele tu. Ninaona swali la kisiasa linalojirudia: nani anataka nini kionekane, na mbele ya nani. Njia inayochaguliwa ni ile inayoonekana zaidi, mara nyingi kuliko ile inayofaa zaidi. Kutofanya kitu, hata panapokuwa ndiyo tiba, hakuna waziri anayeweza kukutangaza saa mbili usiku.

Nilisema nitafika Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kwenye matangi na gati la kupakilia meli. Mjadala wetu wa hadharani juu ya bomba hili umekuwa wa fidia za ardhi, ajira, mapato na hewa ukaa, na ni mjadala wa haki. Nimeusikia kwa nadra ukifika majini. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Katika joto la kawaida huganda, ndiyo maana bomba zima hupashwa joto ili yatiririke. Yakimwagika katika maji ya Tanga, hayatafanana na mafuta ya Kuwait yaliyofika Cornwall. Yatapoa na kuwa mabonge na vipande. Kemikali za kutawanya, zilizobuniwa kwa mafuta yanayotiririka, hazitaweza kuyavunja inavyotakiwa. Mashine nyingi za kuengua zitaziba. Heri iliyopo ni kwamba kitu kigumu kinaweza kukusanywa kwa nyavu na mikono kabla hakijasambaa. Shari ni kwamba kinaweza kusafiri mbali na kudumu muda mrefu. Na mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, ukienda kasi wakati wa kusi. Ajali ya Chongoleani inaweza kuwa habari ya Vanga na Shimoni, Kenya, kabla wizara mbili hazijamaliza kuandikiana barua.

Halafu pana viumbe wetu. Cornwall ni miamba mitupu. Sisi tuna mikoko, nyasi bahari na matumbawe, mara nyingi vyote ndani ya kilomita moja. Mwaka 1984 watafiti walifanya jaribio Panama, ambalo ningependa kila ofisa anayehusika na bahari alisome. Walichukua eneo lenye vitu hivyo vitatu, wakamwaga mafuta ghafi sehemu moja, na sehemu nyingine wakamwaga mafuta yaliyotawanywa kwa kemikali. Mafuta matupu yaliua mikoko kwa kuziba mizizi yake inayopumua, na udongo wake ukaendelea kutoa mafuta kwa miaka mingi. Mafuta yaliyotawanywa yaliinusuru mikoko, lakini yakawapiga viumbe wa matumbawe, ambao walihitaji miaka kupona. Maana yake ni kwamba mwenye kushika bomba la kunyunyizia anachagua nani afe. Pengine ni sahihi kuchagua mikoko, kwa kuwa inapona polepole zaidi. Mombasa inalijua hilo: mwaka 1988 mafuta mazito yaliyotoka katika tangi lililopasuka yaliingia Hori la Makupa, na mikoko iliyokufa haikurudi kwa kizazi kizima. Lakini uchaguzi huo unapaswa kufanywa kwa utulivu, kabla, na watu wanaoishi kwa mikoko na kwa matumbawe. Dawa ya kutawanya ina saa chache au siku moja mbili za kufaa. Serikali itakayoanza kuitisha kikao siku ya ajali imekwisha kuamua bila kujua.

Mauritius ilituonyesha hali hiyo kwa karibu zaidi. Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020 huko Pointe d'Esny, na mafuta yakaanza kuvuja tarehe 6 Agosti. Siku 12 zilipita katikati. Tani zipatazo 1,000 za mafuta mazito zikaingia katika wangwa na mikoko. Wananchi hawakungoja. Walishona vitambaa virefu, wakavijaza majani makavu ya miwa, wakafunga chupa tupu za plastiki ili vielee, wakavitandaza baharini. Wengine walinyoa nywele zao, maana nywele hunasa mafuta. Serikali iliwataka wakae pembeni, nao wakaendelea. Mhandisi atasema, kwa haki, kwamba majani yaliyolowa mafuta huwa takataka hatari inayohitaji mahali pa kwenda, na kwamba mtu asiye na glavu na barakoa anaugua. Ni kweli. Lakini vizuizi vile vilikuwepo majini saa ambayo vingine havikuwepo, na wenyewe walijua ni mahori gani ya kuziba kwanza.

Kuna mambo ya sheria hapa ambayo wanaharakati wetu huyachanganya, nami niyaguse kwa ufupi. Baada ya 1967, Uingereza ililazimika kuikamata meli ndugu ya Torrey Canyon huko Singapore ili kumpata mwenye mali, na hatimaye Uingereza na Ufaransa zikagawana fidia ya pauni milioni 3. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa mkataba wa 1969 wa dhima ya wenye meli za mafuta, na kisha mfuko wa kimataifa wa fidia, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Mfuko huo huhusu mafuta yanayosafirishwa na meli za mafuta. Wakashio haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa meli ya shehena, na mafuta yaliyomwagika ni ya injini zake, hivyo mlango huo ulifungwa na Mauritius ikabaki na mkataba mwingine wenye ukomo mdogo. Na hata mlango ukiwa wazi, mdai hutakiwa kuthibitisha hasara yake. Mvuvi wa ngalawa asiye na leseni iliyolipiwa wala daftari la mauzo, na mwanamke mwenye kamba zake za mwani, wataonyesha nini?

Muhula uliopita nililipa darasa langu zoezi. Niliwapa ramani ya pwani kutoka Tanga hadi mpakani, pamoja na Pemba, nikawataka wapake rangi tatu: mahali pa kunyunyiza kemikali, mahali pa kuzuia na kuzoa tu, na mahali pa kuacha. Walibishana saa mbili. Kundi moja lilipaka njia yote ya meli rangi ya kwanza, jingine likakataa kabisa rangi hiyo. Binti mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi wa Pemba, alikaa muda mrefu bila kupaka chochote. Nilipomfikia alisema, "Samahani Mwalimu, ramani hii haina madago." Akanieleza kwamba wakati wa kaskazi wavuvi huhama na kupiga kambi katika visiwa vidogo na fukwe ambazo katika karatasi yangu zilikuwa tupu, na kwamba mwezi mmoja mahali pale hapana mtu, mwezi unaofuata pana jamaa arobaini na nyavu zao. Ramani nilikuwa nimeichukua kutoka katika taarifa rasmi. Nilimpa kalamu, akaanza kuweka alama, akawa ananiuliza: nichore ya mwezi gani?